Goti la Nakiete

"Unyevu wa ardhi huujua apigaye goti." Ndivyo nilivyomwambia kaka yenu Kibacha jana, alipokuja kuniaga kwamba ameacha kazi Jumatatu na keshokutwa yake anakwenda kuanza nyingine asiyoijua, na katikati ya siku hizo hakupata hata dakika moja ya kumwomba Mungu shauri. Yeye alicheka akaenda zake. Ninyi mmebaki mnaniuliza msemo huo nimeutoa wapi, maana hamjausikia kwingine. Hamtausikia kwingine. Ulizaliwa hapa hapa kwetu milimani, na aliyeusema kwanza ni bibi yangu mzaa mama, Nangasu, muda mfupi baada ya kujaribu kumwangamiza mwenzake. Endeleeni kuchambua maharage, nami nitawaeleza chanzo chake.

Bibi Nangasu alikuwa mtu wa shaka. Ukimsalimu mara mbili kwa siku, alijiuliza ile ya pili ilikuwa ya nini. Ukimpelekea ndizi, alizinusa kwanza. Mimi nimerithi kidogo, najijua, kwa hiyo msinione namsema marehemu. Namsema kwa sababu yeye mwenyewe alitusimulia, tena bila kujipendelea.

Wakati huo wanawake wa kijiji hiki walikuwa wafinyanzi. Shimo la udongo lilikuwa kule chini ya mteremko, na lilikuwa mali ya wanawake peke yao, mwanamume hakulisogelea. Aliyelitunza alikuwa mwanamke mkongwe aitwaye Nanzighe. Yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumfungia mtu shimo, na mwanamke aliyefungiwa shimo hakupewa udongo na mtu yeyote mpaka anakufa. Vyungu kila mtu alifinyanga na kukausha nyumbani kwake, lakini kuchoma walichoma pamoja, katika uwanja mmoja karibu na shimo, siku mbili kabla ya gulio. Walipanga vyungu juu ya ardhi, wakavifunika kwa kuni na majani makavu, wakawasha moto.

Zamani za mama zao, hakuna aliyewasha moto kabla watu wote hawajapiga magoti kuomba ruhusa ya Mungu. Walisema udongo ni wake, sisi tunauazima tu, na mwenye adabu hachomi kitu cha kuazima bila kumwambia mwenyewe. Lakini gulio lilipokua na wanunuzi wakaongezeka, sala ikaanza kufupishwa. Ikawa ya kusimama. Mwisho ikawa "Mungu tusaidie" inayosemwa na mtu ambaye tayari ameshika kijinga cha moto mkononi.

Aliyebaki kupiga goti alikuwa mmoja, Nakiete. Aliolewa hapa akitoka mlima wa pili, akafiwa na mume, akabaki na watoto wanne na shimo lile. Hakuwa na shamba la maana. Kila siku ya kuchoma alikwenda pembeni mwa uwanja, akapiga magoti, akakaa hapo kitambo kirefu midomo ikichezacheza bila sauti. Wenzake walimwita mtakatifu kwa mzaha, wakaendelea kupanga kuni.

Mwaka mmoja, mvua za vuli zilipokwisha na jua likawa limeanza kuwaka, Nakiete aliinuka kutoka kwenye sala yake akasema, "Wenzangu, leo tusichome. Moyo wangu umekataa."

Walimcheka. Jua lile, ardhi inatimua vumbi, halafu mtu anasema tusichome! Nakiete hakubishana. Alibeba vyungu vyake akavirudisha nyumbani. Wenzake wakawasha moto, na haukupita muda vyungu vikaanza kupasuka humo ndani, pa, pa, pa, mpaka zaidi ya nusu vikawa vigae.

Gulio lililofuata Nakiete aliomba, akainuka, akachoma pamoja nao, na vyote vikatoka vizima. Lililofuata tena akasema, "Leo tusichome." Wakachoma. Vikapasuka. Safari hii ndani ya moto ilikuwamo mitungi miwili ya Nangasu, aliyoifinyanga kwa ajili ya harusi ya binti yake, yaani mama yangu. Nangasu alichutama mbele ya vigae vile akalia kwa sauti. Alipomaliza kulia, akaanza kufikiri, na kwa tabia yake hilo lilikuwa baya zaidi.

"Anayejua chungu kitapasuka," aliwaambia wenzake, "ndiye anayekipasua."

Neno hilo likapita nyumba kwa nyumba. Mkishaanza kumshuku mtu, wanangu, hana la kufanya likawa jema. Kwa nini anapiga goti pembeni na si katikati? Kwa nini anaomba bila sauti, kama anachosema ni cha kusikika? Mikono yake inafanya nini chini ya ile kaniki? Watoto wa kijiji wote wameugua kikohozi, mbona wake hawakuugua? Alipoanza kukohoa mmoja wao, wakasema anajifanyia mwenyewe ili asishukiwe. Wanawake wakaacha kuteka maji nyuma yake mtoni. Aliposalimu walimwitikia huku wakitazama vidole vyake.

Nangasu akaenda kwa Nanzighe. "Bibi, yule mwanamke anafukia kitu pale anapopiga goti. Mfungie shimo kabla hajatumaliza."

"Umekiona?" Nanzighe akamuuliza.

"Sijakiona, lakini kipo."

"Simfungii mjane shimo kwa maneno. Siku ya kuchoma utachimba pale pale, mbele yetu sote. Ukikitoa, atafungiwa siku hiyo hiyo na watoto wake watakula kwingine. Usipokitoa, funga mdomo wako."

Nangasu alirudi nyumbani na wasiwasi mpya. Je, asipokiona? Mchawi hodari huhamisha vitu vyake, hilo kila mtu analijua. Basi akatengeneza kifurushi. Alitia kipande cha mkaa na nywele, akakifunga kwa kitambaa alichokichana kwenye kaniki kuukuu ya Nakiete iliyokuwa imeanikwa uani. Alituambia kwamba wakati anakifunga hakujiona mwongo. Alijiona anausaidia ukweli utoke haraka. Mimi nikimkumbuka alivyosema hivyo, nywele hunisimama, kwa sababu najua ningeweza kufanya vile vile.

Siku ya kuchoma ikafika. Asubuhi kulikuwa na jua kali na vumbi. Nakiete alikuja na vyungu vyake kichwani, akavitua, akaenda pembeni kupiga goti. Hakuna aliyepanga kuni siku hiyo. Wanawake wote walisimama wakimtazama. Alipoinuka aliwaona, akajua kuna jambo, lakini akasema lile lile alilotaka kusema.

"Leo tena tusichome, wenzangu."

"Nakiete, kaa huku kwangu," Nanzighe akamwambia. "Nangasu, chimba."

Nakiete akauliza, "Achimbe nini?"

Nangasu akapiga magoti mahali pale pale, kijembe mkononi, kifurushi kikiwa kimefutikwa kiunoni, akaanza kuchimba. Hakutoka kitu. Akachimba zaidi, akatoa mawe mawili na mzizi, wala udongo wenyewe hakuutazama, maana mawazo yake yalikuwa kwenye kifurushi. Nyuma yake aliwasikia wanawake wakihema. Sasa alihitaji nafasi ndogo tu ya kuchomoa kifurushi na kukidondosha alipochimba, lakini macho yote yalikuwa mgongoni kwake. Basi akatulia akiwa bado amepiga magoti, akijifanya anapekua udongo kwa vidole, huku akingoja watu wageuke. Alingoja sana. Alisema hakuwahi kupiga goti muda mrefu hivyo tangu azaliwe.

Ndipo baridi ilipoanza kumpanda kwenye magoti.

Kwanza aliogopa. Akajua ni uchawi wa Nakiete, unamwingia miguuni. Baridi ikazidi. Akainua goti moja akalitazama, akaona nguo imelowa na imegandwa na tope jeusi. Akatazama ardhi. Juu kulikuwa na vumbi la kawaida tu, ungepita hapo mara mia usijue kitu. Akaukandamiza udongo kwa kiganja, akasubiri, kiganja kikatoka na maji. Kumbe mvua zilizonyesha juu mlimani zilikuwa zikishuka taratibu ndani ya ardhi, na siku nyingine zilifika chini ya uwanja ule juu kukiwa kukavu kabisa. Unapowasha moto juu ya ardhi kama hiyo, mvuke unapanda na kupasua kila chungu kilichopo. Nangasu alikuwa mfinyanzi tangu utotoni. Hakuhitaji kuelezwa.

Hofu iliyomshika wakati huo haikuwa ya Nakiete tena. Alituambia hivi: "Nilikuwa nimepiga goti mahali pa sala ya mtu, na kiunoni nina uongo, na nikajua kwa hakika kwamba kuna Mmoja ambaye hageuki hata nikingoja." Akachomoa kifurushi, akakiweka juu ya vumbi mbele ya watu wote.

"Amekipata!" mmoja akapiga kelele.

"Sijakipata," Nangasu akasema. "Nimekuja nacho mimi. Nimekifunga mimi kwa mikono yangu. Humu nilimochimba hamna kitu." Akaanza kulia. "Pigeni magoti."

"Ya nini?"

"Pigeni tu, na msiinuke upesi."

Walitazamana, kila mmoja akihofia kuwa ni mtego. Nanzighe, pamoja na uzee wake, akawa wa kwanza kujishusha chini. Wengine wakafuata. Baadaye mmoja akasema, "Mh!" na mwingine akajishika goti, na mwingine akaanza kuguna.

Nanzighe akamgeukia Nakiete. "Mwanangu, kwa nini hukutuambia kwamba ardhi ina maji?"

"Sikujua ni maji yanayovipasua, bibi," Nakiete akajibu. Naye alikuwa analia, na mimi nadhani alikuwa na haki. "Mama yangu alinifundisha nisichome kabla sijaomba, na nisiombe kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Nikikaa hapo na Mungu wangu, siku nyingine moyo hutulia. Siku nyingine baridi hunipanda na moyo hukataa. Ukikataa mimi sibishani. Niliwaambia tusichome, mkasema nawaroga."



Naona wewe mdogo unataka kusema kitu. Unataka kusema kwamba basi ingetosha kugusa ardhi kwa mkono, hakuna haja ya sala. Nilimwambia bibi yangu hivyo hivyo nikiwa na umri wako. Akaniuliza, "Na sisi mikono hatukuwa nayo?" Walikuwa nayo, na akili walikuwa nayo, na wengine walifinyanga vizuri kuliko Nakiete. Lakini mguso wa haraka ulikuta vumbi kavu. Maji yale hayakujionyesha ila kwa mtu aliyekaa chini muda mrefu, na katika kijiji kizima hakuna aliyekuwa na sababu ya kukaa chini muda mrefu, isipokuwa yule aliyemcha Mungu. Wengine walikuwa na gulio.

Basi Nanzighe akasimama, akajikung'uta, na uso wake haukuwa na huruma. "Sheria ya shimo mnaijua. Aliyetaka kumfungia mwenzake kwa uongo hufungiwa yeye. Nangasu, leo ndiyo mwisho wako wa kuchukua udongo hapa."

Nangasu hakujitetea. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi ule, mitungi hana, na sasa udongo hana. Alianza kuokota kijembe chake aondoke.

"Bibi," Nakiete akasema. "Naomba kusema."

"Sema. Wewe ndiye uliyekosewa."

"Nimepiga goti asubuhi hii nikaambiwa tusubiri. Sikuambiwa tumfukuze mtu."

Nanzighe akasema, "Basi tusubiri."

Walisubiri siku tano. Gulio likawapita, na wenye haraka walinung'unika sana. Nangasu hakutoka nje siku zote hizo, akihofia kwamba huruma ile ina kitu ndani yake. Shaka haimtoki mtu kwa siku moja. Siku ya tatu Nakiete alimpelekea mtungi wake mmoja, mkavu, tayari kwa kuchomwa. Nangasu aliupokea, na alituambia kwamba hakuunusa.

Siku ya sita wakakusanyika uwanjani. Nanzighe akakataza mtu yeyote asishike moto, akasema, "Nangasu, shimo sikufungii. Leo utatuombea wewe."

Nangasu akapiga magoti, na wote wakapiga pamoja naye. Akaomba. Akaendelea kuomba. Aliomba msamaha, aliomba ruhusa, akanyamaza, akabaki pale pale chini macho yakiwa yamefumbwa. Jua likapanda. Wasichana wakaanza kujikuna na kukonyezana, na mmoja, aliyekuwa na vyungu vingi kuliko wote, akanong'ona kwamba kumcha Mungu ni jambo jema lakini magoti yanauma, hivi sala hii inakwisha lini?

Bibi yangu alimsikia. Hakufumbua macho wala hakuinuka. Akasema kwa sauti ya kawaida, hata wale wa nyuma wakasikia:

"Unyevu wa ardhi huujua apigaye goti."