Nani Amvalishe Naghenjwa Joho?

Hapo zamani, kabla kanisa letu la mlimani halijapata kinanda, wimbo ulianzishwa kwa mdomo. Mtu mmoja alisimama, akatoa mstari wa kwanza, na kanisa zima likamfuata palepale alipoanzia. Akianza chini, waliguna. Akianza juu, walikabwa. Kwa hiyo mwanzishaji alipewa heshima ya joho jeupe, na aliyemvalisha ni mlezi wake, yule aliyemfikisha hapo. Mlezi mmoja tu. Asipotajwa, joho linarudi kabatini.

Basi palikuwa na msichana, Naghenjwa. Alipenda kuimba kuliko kula, ila aliogopa watu.

Mama Eliamani, mama wa kwaya, akamsikia akiimba shambani.

"Mwanangu, sauti hiyo! Jumapili unaanzisha wewe."

"Mama, mimi sijui."

"Nani kasema hujui?"

Asubuhi alimsifu, jioni alimsifu. Kosa hakumwambia hata moja.

Jumapili Naghenjwa akaanza juu, juu kabisa. Ubeti wa kwanza wanawake walijikaza. Wa pili wanaume walinyamaza. Wa tatu alibaki peke yake, na watu wakacheka.

Mzee Kiangi, mzee wa kanisa, akasimama mbele ya wote.

"Binti, unatupeleka wapi huko? Woga ndio unaokupandisha. Hukuvuta hata pumzi. Kaa chini!"

Akakaa. Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Hata shambani aliacha kuimba.

Ndipo Bibi Namkunda, mjane aliyefagia kanisa, akapiga hodi kwao. Hakuja kutoa pole.

"Mjukuu wangu, nataka kuujua wimbo ule kabla sijafa, na kusoma sijui. Nifundishe."

"Bibi, hukusikia walivyonicheka?"

"Nilisikia. Hata mimi nilicheka. Haya, anza."

Naghenjwa akaanza juu. Bibi akakohoa. "Shuka, mjukuu, mimi si ndege!" Akaanza tena, bibi akakohoa tena. Ndipo Naghenjwa akakumbuka maneno ya Mzee Kiangi. Akavuta pumzi, akashuka. Bibi akaimba mpaka mwisho. Wakaendelea hivyo miezi miwili.

Siku ya Pasaka mwanzishaji wetu mzee aliamka hana sauti. Watu wanatazamana, nani aanze? Naghenjwa akasimama mwenyewe. Akavuta pumzi, akaanza, na kanisa zima likafika naye ubeti wa mwisho.

Mchungaji akatoa joho. "Kuanzia leo wewe ni mwanzishaji wetu. Taja mlezi wako."

Mama Eliamani akasema, "Ni mimi. Nani mwingine aliiona sauti hii? Bila mimi angeyaimbia maharage shambani mpaka leo."

Mzee Kiangi akasema, "Wewe ulimdanganya, akaaibika. Mimi nilimwambia kosa lake, na leo amelirekebisha."

"Ulimwambia au ulimfukuza?" akauliza Mama Eliamani.

Bibi Namkunda akacheka. "Mimi sikumsifu wala sikumkosoa. Nilitaka wimbo wangu tu. Lakini nyie wawili, wiki zote zile, nani alikwenda kumtazama?"



Naghenjwa akalishika joho mikononi. Akamtazama aliyemsimamisha. Akamtazama aliyemkalisha. Akamtazama aliyemhitaji. Mchungaji naye anangoja kufunga ibada.

Haya, wenzangu mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mngekuwa nyinyi ndio Naghenjwa, joho lile mngempa nani awavalishe?