Kigelegele cha Mwantumu

Mwanamke mmoja alikuwa na kigelegele. Si kigelegele cha kuazima, cha kukohoakohoa. Chake kilipaa kutoka uani kwake Kwamboga kikatua barabara ya lami. Jina lake Mwantumu, na mtaani kwao mlango wa bibi harusi ulikuwa haufunguliwi mpaka yeye akitoe. Ndiyo desturi, na ninyi wenye vyeti msiniulize nani aliianza.

Kijana mmoja, Maulidi, akampiga picha katikati ya shangwe: mdomo wazi, ulimi nje, pengo la mbele linaonekana lote. Akaifanya stika, akaitupa kwenye grupu la mtaa. Watu mia mbili wakacheka kwa vidole, wengine wakaongeza maneno. Maulidi akajiona bingwa, kichwa kama boga.

Mwantumu alisoma yote. Akarudia kusoma. Chakula kikawa makapi, usingizi ukahama, na simu ikilia moyo wake unaruka kwanza. Akaanza kuongea na upindo wa kanga mdomoni, kisha akaacha kuongea, kisha akaacha kutoka. Walimwambia apuuze, ni picha tu. Sawa, na mwiba nao ni kijiti tu, ukanyage.

Ikafika siku Maulidi anaoa. Kanzu inametameta, mlango umefungwa, sauti hakuna. Wakaleta spika wapige kigelegele cha kwenye simu. Spika ikatoa tangazo la dawa ya kunguni. Jua likamchoma bwana harusi. Bibi harusi akatuma neno kutoka ndani: desturi ni desturi, na aliyeiziba ile sauti akaizibue mwenyewe.

Maulidi akaenda, kanzu ikifagia vumbi, akina mama nyuma yake. Mlangoni kwa Mwantumu akaandika kosa lake kwenye grupu lile lile, akawasihi wote waifute stika, kisha akaomba radhi kwa mdomo wake. Mlango haukufunguka. Basi akina mama wakaamua kumpigia Mwantumu mwenyewe vigelegele, kila mmoja na koo lake bovu, wakarudia na kurudia. Huko ndani kitu kikamtekenya Mwantumu kifuani. Akafungua mlango.

"Jamani, mnanishangilia au mnakaba kuku?"

Akacheka, pengo nje, kanga mabegani. Akavuta pumzi, akakiachia, na harusi ikaanzia hapo hapo uani kwake, watu wanacheza njia nzima.

Wewe bingwa wa kuziba watu midomo kwa kidole kimoja, siku ya furaha yako nani atakupigia kigelegele?