Kata ya Kwanza ya Sikitu

Atiaye kiungo aonje kwanza. Gervas amenuna kuambiwa hivyo, na anune tu. Tangu mrudi kutoka uwanjani anamfundisha Matei namna ya kudaka mipira, na yeye mwenyewe hajasimama golini hata siku moja. Sasa mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kwa wacheza mpira, wala hayakutoka kwa wanaume. Yalitoka kwenye mtungi wa pombe, na ilikuwa hivi.

Zamani, huku kwetu milimani, mavuno hayakuitwa mavuno mpaka pombe imenywewa. Wakati wa kipupwe, mashamba yakiwa yamekwisha kuvunwa, ukoo mzima ulikusanyika na mtungi mmoja mkubwa ukawekwa mbele ya wazee. Mtungi huo ulikaa nyumbani kwa mwanamke mmoja, naye ndiye aliyepika kila mwaka. Kabla mtu mwingine hajagusa pombe, mpikaji alichota kata ya kwanza akainywa yote hadharani, watu wapate kujua kwamba hakuficha ubaya ndani. Pombe ikiwa mbovu, mtungi ulihamia nyumba nyingine na haukurudi.

Kwa miaka mingi mtungi ulikuwa kwa mama yake Sikitu. Mama huyo alifariki wakati wa masika, na matanga hayajaanuliwa, mdogo wake aitwaye Kidawa alikuwa ameshafagia pembe ya nyumba yake atakapouweka mtungi. "Sikitu bado mtoto," aliwaambia watu kisimani. Mtoto gani? Sikitu alikuwa mke wa mtu na mama wa watu, na alianza kukoroga pombe na mama yake tangu mwiko ukiwa mrefu kumpita yeye. Mtungi ule mama yake aliufinyanga mwenyewe, na chini ya shingo palikuwa na alama za vidole vyake. Sikitu alikuwa akiweka vidole vyake palepale kila alipouosha. Hakukusudia kumpa mtu.

Basi mwaka ule, kana kwamba msiba haukutosha, ndege waitwao kwelea walishuka wakamaliza mtama wote. Kilichosalia ni maboga. Yalijaa mashambani, yakatambaa mpaka juu ya mapaa ya mabanda ya mbuzi. Wazee wakasema mwaka huu hakuna pombe. Kidawa akasema kama hakuna pombe, mtungi ukapumzike kwake.

"Nitapika ya maboga," Sikitu akasema.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Boga ni chakula cha njaa, walisema, nani aliwahi kulewa boga? Mzee Mloka, mkuu wa ukoo, hakucheka. Alimwuliza kama anajua kwamba pombe ikiharibika mtungi unaondoka. Sikitu akajibu kwamba anajua. "Basi pika," mzee akasema, akaenda zake.

Sikitu alianza kwa kujaribu kidogo kidogo, katika vibuyu. Boga mnalijua, ni pole mno. Ukilichemsha na kuliponda linatoa maji matamu, ukitia kimea kidogo cha ulezi wa akiba yanachachuka vizuri, lakini pombe inayopatikana haina neno la kumwambia mnywaji. Inataka kiungo, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu milima hii haina uhaba wa viungo. Kibuyu kimoja alitia karafuu, kikanuka kama dawa ya jino. Kingine alitia iliki, ikawa chai ya wageni. Pilipili manga iliwasha ulimi ikaliacha koo limelala. Alipoponda tangawizi na kuitia pamoja na ganda dogo la mdalasini, mumewe alikunywa, kisha akanyoosha mkono aongezewe. Sikitu akajua amepata. Vibuyu vingine alivimwaga jalalani, na kuku walioparura pale walirudi nyumbani wakitembea upande.

Ikafika siku ya kutia viungo kwenye mtungi wenyewe. Nawaambieni, siku ya kukata maboga hakuja mtu. Siku ya kuteka maji hakuja mtu. Siku ya viungo wakaja wote! Mbele alikuwa Kidawa, nyuma yake Bi Mashavu wa nyumba ya pili, na nyuma yao wanawake wengine wa ukoo, kila mmoja na fundo lake kwenye pindo la kanga.

"Hodi, mwanangu," Kidawa akasema, na alikuwa ameshaingia. "Nimekuletea karafuu. Pombe ya boga bila karafuu ni uji wa mgonjwa. Tia hizi zote."

"Usimsikilize," akadakia Bi Mashavu. "Iliki ndiyo yenye heshima. Marehemu mama yako angetia iliki."

"Pilipili manga!" mwingine akapaza sauti kutoka mlangoni. "Wazee wanataka kitu kinachouma."

Mikono ikaanza kufungua mafundo. Sikitu alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Tangu msiba alikuwa amenyamaza kwa adabu, na aliona sasa adabu yake inataka kumnyang'anya mtungi. Karafuu za Kidawa peke yake zilitosha kuiharibu pombe yote, na Kidawa alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Sikitu akachukua ungo, akaufunika mdomo wa mtungi, akaweka kiganja chake juu.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema. "Shikamooni nyote. Anayetaka kutia kiungo atie. Lakini kesho atakaa nami mbele ya wazee, na kata ya kwanza tutainywa pamoja. Pombe ikiharibika, atasimama aseme mkono wake umo."

Bi Mashavu aliangalia iliki zake, akalifunga tena fundo polepole, akakumbuka kwamba ameacha maharage jikoni. Wa pilipili manga hakuonekana tena mlangoni.

Kidawa alibaki. "Mimi niliyekubeba mgongoni," akasema, "leo unanipa masharti?"

"Ndiyo, mama mdogo. Ulinibeba, na ninakushukuru. Sharti ni hilohilo."

"Na ukiaibika?"

"Nitaaibika kwa tangawizi yangu. Siwezi kuaibika kwa karafuu zako."

Kidawa akaziminya karafuu kiganjani, akatoka bila kuaga. Sikitu akaondoa ungo, akatia tangawizi na mdalasini wake kwa hasira, bila kupima.

Kesho yake ukoo ulikusanyika. Sikitu akachota kata ya kwanza. Alipoionja tu akajua kwamba tangawizi imezidi, imezidi kabisa, ikamchoma koo mpaka machozi yakamlenga. Angeweza kuimwaga na kuomba radhi. Aliinywa yote, akaigeuza kata watu waone kwamba imekauka, akamchotea Mzee Mloka.

Mzee akanywa, akafumba macho. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na ilikuwa asubuhi ya kipupwe yenye ukungu.

"Inauma," akasema.

"Inauma, babu. Nimeitia mimi."

Mzee akanyoosha kata yake. "Ongeza."

Hapo tena, nani angesubiri? Wazee walikunywa wakavua mablanketi. Waliocheka boga ndio waliosukumana. Wakati mtungi umefika nusu na watu wameanza kuimba, Kidawa akapenya katikati na kibuyu chake mkononi, akicheka kwa sauti.

"Nilimwambia mimi!" akasema. "Nilimwambia hii pombe inataka kiungo kikali. Jana nilikuwa jikoni kwake, ulizeni."

Sikitu aliipokea kauli ile akiwa ameshika kata. Hakupandisha sauti.

"Ni kweli ulikuja, mama mdogo. Lakini atiaye kiungo aonje kwanza. Wewe umekuja mtungi uko nusu."

Uwanja mzima uliangua kicheko, na Mzee Mloka akacheka kuliko wote. Kidawa alikunywa, maana tangawizi ile ilikuwa haikataliki, ila mtungi hakuutaja tena, siku ile wala baadaye. Jioni Sikitu alijitwika mtungi mwenyewe akaurudisha nyumbani. Kuna mtu alitaka kumsaidia, akamkatalia.

Mtungi wenyewe ndio huo hapo nyuma yenu, siku hizi una ufa, nauwekea mbegu za mahindi. Wekeni vidole chini ya shingo mtazisikia alama. Na wewe Gervas, acha kununa. Kesho mnacheza na vijana wa ng'ambo ya mto, na glavu za Matei zile pale mlangoni. Ukiwa bado una la kumfundisha, zivae wewe, usimame golini kipindi cha kwanza. Ukifungwa tutakucheka, ukidaka tutakushangilia, na baada ya hapo sema unachotaka, nami nitakusikiliza. Atiaye kiungo aonje kwanza.