Dijei Aliyegeuza Mwisho

Wapendwa, wenye filamu siku hizi wameishiwa hadithi. Wanarudi kwenye vitabu vya zamani vya visasi, vile tulivyovisoma mpaka majalada yakang'oka, wanavivalisha nguo mpya, wanavipeleka sokoni. Nasi tunanunua. Kisasi hakichachi. Ndugu yangu wa kiti cha nyuma, usigune, banda la kuzionyeshea liko mtaani kwako.

Basi katika banda moja la video palikuwa na dijei. Mnawajua: filamu inaongea Kizungu, yeye kakaa pembeni na maiki, anaigeuza Kiswahili papo hapo. Huyu alikuwa fundi. Askari yeye, bibi harusi yeye, hata farasi alikuwa anapewa maoni yake.

Dijei alikuwa na kaka yake mkubwa, na walikuwa hawasalimiani. Siku ya kupeleka posa ya dijei, wakwe waliuliza kijana anafanya kazi gani. Kaka akasafisha koo, akasema, "Kimsingi, huyu anabishana na televisheni." Wakwe wakacheka, wakamaliza soda zao, na binti hawakumtoa. Mnacheka na nyinyi? Yeye hakucheka.

Ikaja filamu mpya ya kitabu cha zamani. Mtu anasingiziwa na ndugu yake kwamba kachoma kinu cha kijiji. Anafukuzwa. Anarudi uzeeni akiwa hakimu, na ndugu yule analetwa mbele yake na pingu. Dijei alikijua kitabu hicho. Utotoni, kabla hajajua kusoma, kaka yake ndiye aliyemsomea kitandani, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho.

Jumamosi mchana banda likajaa. Ndugu msaliti alipofungua kinywa, ikatoka sauti ya nani? Koo kwanza, halafu: "Kimsingi, kinu kachoma huyu." Watu wakapiga mabenchi. Kila uongo, kimsingi. Kila woga, koo.

"Dijei, rudisha hapo," mmoja akasema huku anajishika tumbo. "Kaka mtu leo kapatikana."

Ikafika hukumu. Hakimu akashuka kitini, akamfungua ndugu yake pingu, akamkumbatia. Wote wawili wanalia. Na dijei akasema kwenye maiki: "Nimekufungua ili nikuvunje mbavu vizuri."

Mama muuza karanga aliyekaa mlangoni akauliza, "Sasa dijei, mbona anayevunjwa mbavu anapanguswa machozi?"

"Ndiyo desturi ya kwao, mama." Banda likacheka tena.

Hapo mtu akasimama benchi la mwisho, akasafisha koo. Koo lenyewe, siyo la kuigiza. Kicheko kikakatika.

"Mdogo wangu," akasema, "niliposikia unaonyesha kitabu chetu, nilidhani unaniita. Nilikuharibia mbele za watu, nikaja nikuombe radhi mbele za watu. Nilikuwa nangoja tu ule mwisho, niusikie kwa sauti yako."

Akavaa kofia yake, akatoka.

Dijei akaiweka maiki chini. Kwenye skrini ndugu wawili waliendelea kuongea, na hakuna wa kuyatafsiri maneno yao.

"Mfuate, mwanangu," mama wa karanga akasema polepole.

Hakuinuka. Ili amfuate, ilibidi apite mbele ya watu wale wale aliowachekesha, na uso wake ulikuwa hauna pa kuwekwa.

Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnacheka vizuri tu. Koo la yule bwana nimeliigiza hapa madhabahuni, mkanipa vicheko vyote, na hakuna aliyeuliza kaka mwenyewe yuko wapi.

Sisi tunaonyeshwa picha moja kila Jumapili. Hakimu anashuka kitini, anafungua pingu, anakumbatia, na pingu zile ni zetu. Tunaipenda picha, tunaifutia machozi. Halafu tunatoka mlango ule na maiki zetu, tukutane na shemeji, na jirani, na mtoto aliyetuaibisha. Hapo yanatoka maneno gani kinywani? Picha ya rehema, sauti ya kisasi. Na anayetusikiliza anaamini Mungu ndiye anayesema hivyo.

Yuko mtu wako uliyekosana naye humu ndani asubuhi hii. Sikuulizi jina, unajua amekaa wapi, ndiyo maana wewe umekaa upande huu. Mambo haya ni yetu wenyewe, tuyaone. Dijei hakuinuka. Nazima maiki yangu sasa, nisikilize benchi lipi litalia mtu akiinuka.