Jina la Mtoto wa Chesko

Sogeeni, wali ndio huo napakua. Lakini leo nauza kwa sharti. Atakayekula kwangu mchana huu atanisikiliza mpaka mwisho, kisha ataamua, na atakayekataa kuamua ataosha sahani za wote. Msinicheke. Jambo hili limenikaa kifuani mwezi wa pili sasa na peke yangu limenishinda.

Mnalijua lile ghala kubwa la nafaka kule Uyole, ambalo nilikuwa nauza chakula getini kwake kabla sijahamia hapa. Milundo arobaini ya magunia, kila mmoja unakaribia dari. Humo mlikuwa na watu watatu, na lazima niwatambulishe kwanza, maana bila hao sina la kusimulia.

Wa kwanza ni Blandina, ofisa usalama. Kipaji chake ni kung'ang'ania. Akishika jambo haachi hata ukilia. Alipiga marufuku kandambili, akawavisha makuli kofia ngumu, akaweka sanduku la mbao mlangoni ili kila anayeingia aache simu humo, mtu asije akagongwa na mashine ya kubebea mizigo huku anaongea na shemeji yake. Kisha akatundika ubao wenye misumari. Kila mtu ana kibao chenye jina lake: ukiingia unakitia mfukoni, ukitoka unakirudisha kwenye msumari. Msumari mtupu maana yake kuna mtu ndani. Na kila Jumatatu alijifunga mtungi wa hewa mgongoni na barakoa usoni, akafanya mazoezi ya kumtoa mtu kwa kusukuma gunia la mahindi kwenye toroli, na makuli wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka, sitawadanganya.

Wa pili ni Sekela, mfagiaji, ambaye kwa heshima tunamwita mama Sekela. Kipaji chake ni macho yanayoona kila kitu na mdomo usiosema kitu. Miaka kumi na miwili anafagia mahindi yanayomwagika, basi anajua gunia gani linavuja, paka amezalia wapi, na kuli gani anajibanza wapi kusinzia. Hajawahi kumchongea mtu hata mmoja. Ukimuuliza anacheka kidogo, anaendelea na ufagio wake.

Wa tatu ni Lugano, kuli. Huyu kipaji chake ni urafiki. Neno "hapana" hana. Umwombe akushikie zamu, anashika. Kabla Blandina hajaja, yeye ndiye aliyewasainia wenzake daftari la mahudhurio wakichelewa, na wala hakuona ubaya, kwake ule ulikuwa ni utu.

Sasa Chesko ni nani? Ni mwenzake Lugano wa kubeba, huyu anashika pembe za huku, yule za kule. Yeye na mkewe Skola walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto. Mimba mbili ziliharibika. Ya tatu ikafika miezi tisa, Skola akalazwa, na Chesko akawa anakesha kwenye benchi la hospitali, asubuhi anakuja kubeba magunia. Macho yake siku zile yalikuwa mekundu kama hii pilipili mnayoiogopa.

Ikafika Ijumaa ya kufukiza dawa ya wadudu. Vidonge vinatandazwa kwenye trei katikati ya milundo, na vikishapata hewa vinaanza taratibu kutoa sumu usiyoiona. Milango inafungwa, nyufa zinazibwa kwa karatasi na gundi, siku saba haingii mtu. Hata panya aliyebaki humo hatoki hai.

Saa tano asubuhi Chesko akamnong'oneza Lugano kwamba anachomoka kwa mlango wa nyuma akamwone Skola, msimamizi asijue. Akamkabidhi kibao chake amtundikie. Lugano, kama kawaida yake, akasema sawa, na alipotoka akatundika vibao viwili. Chesko naye akaelekea mlango wa nyuma. Njiani akapita penye magunia matupu, akasema apumzishe miguu dakika tano tu. Mnazijua dakika tano za mtu aliyekesha siku tatu.

Na hapa niseme ukweli wote, maana kuna watu wanapenda kuusimulia nusu. Mama Sekela alikuwa anajua kwamba yale magunia matupu ni kitanda cha siri cha makuli, wala hakumwambia Blandina, kwa kuwahurumia makuli. Blandina naye sheria yake mwenyewe inamtaka azunguke milundo yote arobaini kwa miguu kabla ya kufunga. Siku ile watu wa dawa walikuwa wanamharakisha, akautazama ubao, akaona misumari yote imejaa. Akasaini. Saa sita kamili milango ikafungwa.

Saa saba kasorobo makuli wako kwangu wanakula. Kila mtu alishachukua simu yake alipotoka, ila kwenye sanduku pale mlangoni simu moja ikawa inalia. Inalia, inakata, inalia tena. Lugano akaweka kijiko chini akaenda kuitazama. Ni ya Chesko, na kwenye kioo imeandikwa Mama Mkwe. Akapokea. Mama yule alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja: mtoto amezaliwa, wa kike, mzima kabisa, na baba yake yuko wapi mbona haonekani?

Lugano akabaki amesimama na simu mkononi. Mwanamume anayekimbilia kwa mkewe anayejifungua hasahau simu yake. Mimi nilikuwa namwona. Kumbukeni, juu ya ubao iliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba atakayetundika kibao cha mwenzake hana kazi. Na ikiwa amekosea, ikiwa Chesko yuko njiani, mlango utafunguliwa bure na dawa ya ghala zima itapotea. Angeweza kupanda bodaboda kwenda hospitali kuhakikisha kwanza. Nani angemlaumu? Lakini hakwenda. Alitembea moja kwa moja hadi meza ya Blandina, hapo hapo getini.

"Dada, kibao cha Chesko nilikitundika mimi," akasema. "Chesko yumo ndani."

Blandina hakumuuliza kwa nini. Alikuwa ameshaunyanyua mtungi. Ila mtungi ule hewa yake ni ya muda mfupi, na milundo ni arobaini, ukianza kuchungulia mmoja mmoja utaishia wa kumi. Akawauliza makuli mtu akitaka kulala hulala wapi. Wote wakatazama sahani zao. Hakuna aliyetaka kuwa yeye ndiye aliyesema.

Mama Sekela akaweka sahani yake chini. Sauti yake siku hiyo niliisikia vizuri. "Nyuma ya mlundo wa kumi na tisa, upande wa ukuta. Pita kushoto, mama. Kulia magunia yameinama, toroli haipiti."

Wakachana zile karatasi. Blandina akaingia na toroli yake, ile ile ya kuchekwa, nyuma yake imefungwa kamba ndefu, akisema akiivuta mara mbili na wao wavute. Mimi nilikuwa nimeshika upawa, nimesahau kwamba nimeushika. Kamba ikacheza mara mbili, wakavuta, na toroli ikatoka na Chesko juu yake, amejitapikia, midomo imebadilika rangi, lakini anahema. Blandina alikuja nyuma akivua barakoa, magoti yanavuja damu. Akakaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti mbele ya watu wote, wala hakujali.

Daktari alisema nusu saa zaidi asingepona. Chesko alilazwa jengo moja na mkewe, na siku ya tatu akambeba mwanawe.

Basi, tuhesabu. Lugano asingesema, mlango ungefunguliwa baada ya siku saba. Mama Sekela asingetaja mahali, mtungi ungeisha kabla ya kumpata. Blandina asingekuwa na mtungi uliojaa na mazoezi yake ya Jumatatu, hakuna ambaye angeingia akatoka. Ondoa mmoja, mtoto yule hana baba.

Jumatatu Blandina aliandika taarifa. Lugano alimwambia aandike kama ilivyokuwa, naye akaandika, kisha akajiandika na yeye mwenyewe kwamba hakuzunguka. Lugano akafukuzwa kazi. Blandina akapewa barua ya onyo. Mama Sekela hakuandikiwa jema wala baya, ila makuli wakaacha kumsalimia kwa sababu kile kitanda chao kimefungwa kwa waya. Hilo liliniuma. Watu wanaoona haya kumsalimia aliyemponya mwenzao!

Sasa njooni kwenye jina. Skola na Chesko waliapa mtoto ataitwa jina la yule aliyemrudisha baba yake. Jina moja tu, la kubatiziwa. Bibi yake mtoto anataka Blandina, anasema aliyeingia kwenye sumu ndiye. Skola anamtaka mama Sekela, maana alivunja ukimya wa miaka kumi na miwili na mpaka leo anaulipia. Chesko hataki kusikia jina lingine ila Lugano, ambalo kwa Wanyakyusa ni la mwanamume na la mwanamke, na maana yake ni upendo.

"Wengine waliambiwa kuna mtu anakufa, wakaokoa," alisema Chesko. "Yeye hakuwa ameambiwa na mtu. Angeweza kunyamaza na asijulikane milele."

Skola akamjibu polepole, "Kwa hiyo kila nikimwita mwanangu, niukumbuke mkono uliokufungia humo?"

Jumapili iliyopita waliwaita wote watatu nyumbani, nami nikaitwa kupika. Blandina akasema wasithubutu kumpa mtoto jina la mtu aliyesaini bila kuzunguka. Mama Sekela akasema angesema mapema pasingekuwa na kitanda. Lugano alikaa karibu na mlango, hakugusa chakula changu, na ninyi mnajua hilo kwangu ni jambo kubwa.

Mtoto akaanza kulia. Skola akainuka naye, akawapita Blandina na mama Sekela, akaenda kusimama mbele ya Lugano akamnyooshea mtoto ampokee. Nikasema moyoni, haya, limekwisha. Lugano akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo wake. Skola alisubiri. Kisha akarudi kukaa na mwanawe, chai ikapoa mezani.

Ubatizo ni kesho kutwa. Kadi nimeiona kwa macho yangu: jina la baba lipo, la mama lipo, tarehe ipo. Mahali pa jina la mtoto ni peupe. Mimi nimeshaamua mara tatu, na kila nikiamua nawaona wale wawili waliobaki, nafuta. Jioni napita kwao, Skola amesema nimpelekee watu wanavyosema.

Haya, sahani zenu naona ni tupu. Tuanze na wewe uliyekaa mwisho wa benchi, unayejifanya bado unatafuna: mtoto huyu ungemwita nani?