Pikipiki ya Kampuni ya Radi

Hapo zamani, enzi ambazo baiskeli ikipita tu mbuzi hukata kamba, palikuwa na kampuni ya kuunda pikipiki kijijini Kwembago, juu mlimani. Iliitwa Kampuni ya Radi. Wenye kampuni walikuwa watatu. Semkiwa, mhunzi, alifua fremu kwa vyuma vya baiskeli mbovu. Bi Mwantumu, mjane, alitoa injini ya mashine ya kusaga aliyoachiwa na marehemu mumewe, Mbelwa. Mjane mwenyewe akarudi kutwanga kwa kinu na mchi. Shekiondo hakuwa na chuma wala injini. Alikubali kuipanda.

Pikipiki ikawaka. Ikanguruma.

"Breki je?" akauliza Shekiondo.

"Breki ni ya pikipiki ya pili," akajibu Semkiwa.

Kabla ya hiyo ya pili, Namweta, mke wa Hizza, akashikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga akanawa mikono, akasema, "Mimi nimefika mwisho. Hospitali." Hospitali ilikuwa bondeni, na kwa machela ni mwendo wa kutwa nzima.

Hizza alikuwa ameicheka kampuni ile mbele za watu. Sasa akaenda, akasimama mlangoni pa karakana, akasema, "Mke wangu." Hawakumwuliza kitu. Wakamfunga Namweta kwa kanga mgongoni mwa Shekiondo, pikipiki ikateremka. Hizza akakimbia akifuata moshi, halafu akifuata harufu ya moshi.

Langoni mwa hospitali Shekiondo akashusha miguu yote miwili, akakisimamisha kile chuma kwa mifupa yake. Mguu mmoja ukavunjika. Wauguzi walipokwisha kuwaingiza ndani, pikipiki ikashika moto, ikateketea yote. Kampuni ya Radi ikaishia hapo.

Hizza alipofika aliyakuta majivu yangali yakifuka moshi, kisha akasikia kichanga kikilia. Wa kiume. Akaketi chini akalia, asijali nani anamwona.

"Nitampa jina la aliyemwokoa!" akaapa. Hapo akajitia kitanzi kwa ulimi wake mwenyewe.

Siku ya kumpa mtoto jina, wakaja wote watatu.

"Awe somo wangu," akasema Semkiwa. "Bila mikono yangu, injini ile ingekuwa mpaka leo inasaga mahindi."

"Usingeiahirisha breki, mimi ningekuwa natembea," akasema Shekiondo, ameegemea magongo. "Walioiunda ni wengi. Aliyeipanda ni mmoja. Awe somo wangu."

Bi Mwantumu akajitanda kanga vizuri. "Jasho hukauka, na mguu huunga. Mimi nilitoa kitu pekee alichoniachia mume wangu, kimekuwa majivu. Wala sikuzaa naye. Mtoto aitwe Mbelwa."

"Mbelwa si amekwisha kufa?" Semkiwa akang'aka.

"Ndiyo maana."

Hizza akamgeukia mkewe. Namweta alikuwa ananyonyesha.

"Kiapo ulikula wewe, Baba..." akasema. "Baba nani?"

Hebu nijibuni nyinyi mlioketi hapa: je, nani alistahili?