Betri Haipimwi Imelala

"Betri haipimwi imelala." Ndivyo nilivyosema Jumamosi, wazee waliposifu upole wa kijana aliyekuja kumposa binti yetu Mkanjala, nanyi mkaangua kicheko. Leo mnaniuliza msemo huo nimeutoa wapi. Ketini basi niwaambie ulivyoanza. Ulianzia kwa kaka yangu Mwadime, na heri usingalianza.

Mwadime alikuwa fundi wa umeme katika shamba la mkonge hadi alipostaafu. Mkewe, Wakio, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Akiketi kuchambua maharagwe, usingemjua kuwa ni mgonjwa. Akipanda mlima hatua kumi tu, pumzi hana. Na daktari wa moyo alikuja mara moja kwa mwezi, katika zahanati ya juu kabisa mlimani, inayofikiwa kwa njia ya ng'ombe isiyopitika kwa gari. Pikipiki ilimtikisa Wakio hadi akazirai. Ndipo Mwadime akasikia klabu moja ya gofu kule pwani inauza vigari vyake vikuukuu vya umeme, vile vyembamba vya kubebea wachezaji. Akanunua kimoja.

Uani kilikwenda kimyakimya, tukapiga vigelegele. Kilipofika mwinuko wa kwanza kikalia tak, kikazima.

Mwadime hakutishika. Alifunua kiti, akachukua mita yake, akapima betri zote sita. Kila moja volti nane na ushei. "Betri ni nzima," akasema, "kasoro iko kwingine." Akabadilisha swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota. Kikazima palepale. Akakwangua kutu ya kijani kwenye vichwa vya betri, akabadilisha nyaya, akafungua mota akatia kaboni mpya. Kikazima palepale. Nilimwambia aite fundi mwingine, akaniambia nikapike. Kliniki ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Wakio akavimba miguu, lakini kila asubuhi mumewe alipomuuliza hali, alimjibu kutoka kitini, "Sijambo."

Siku moja kabla ya kliniki ya tatu, nilimkuta kaka yangu amekaa chini kando ya kigari, mita mkononi, analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba.

"Zote nzima, na kigari hakina uhai," alimwambia mkewe, aliyekuwa ameketi karibu. "Nimeshindwa, Mama Righa."

"Baba Righa, unazipima kigari kikiwa kimesimama," Wakio akasema. "Mimi nikiketi nina ugonjwa gani? Zipime kikihangaika."

Wakakielekeza kwenye jiwe kubwa lisilosogea. Wakio akakipanda akakanyaga pedali, kigari kikasukuma jiwe kwa nguvu zake zote, na Mwadime akagusa betri moja baada ya nyingine kwa mita. Betri ya nne ikaporomoka kutoka nane hadi tatu.

"Kumbe ni wewe!" Mwadime akapiga kelele, akamkumbatia mkewe mbele yangu bila haya.

Alfajiri alijiandaa kushuka Voi kutafuta betri. Alisimama mlangoni akamuuliza, "Utaweza kuningoja?"

"Nenda tu. Sijambo."

Alikuwa ameketi aliposema hivyo. Na kaka yangu, aliyefundishwa jana tu, akaamini akaenda zake.

Daktari huondoka saa saba. Saa nne ilipopita bila Mwadime kurudi, Wakio aliogopa kuikosa kliniki ya tatu. Akachukua fimbo, akaanza kupanda peke yake. Mimi nilikuwa shambani nikipalilia. Najilaumu mpaka leo.

Mwadime alirudi saa nane, betri begani, jasho likimtiririka. Alitukuta mimi na majirani kwenye mwinuko wa kwanza, tumemfunika Wakio gubigubi kwa leso yangu. Aliitua betri taratibu, akaketi mchangani karibu na kichwa cha mkewe, akamshika mkono.

Jirani mmoja, kwa kukosa la kusema, akamuuliza, "Lakini ulipomwacha asubuhi, si alikuwa mzima?"

"Nilimuuliza ameketi," Mwadime akajibu. "Akaniambia hajambo, nami nikaridhika. Betri haipimwi imelala."